Stempu za enzi ya ukoloni nilizoachiwa na babu: nizibandue kwenye bahasha au niziache?

Mwana wa Kibokoni aliuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu wakusanyaji, na wengine wote hamjambo.

Babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika kampuni moja ya kupakua mizigo bandarini Kilindini, na tangu ujana wake alikuwa na mazoea ya kuhifadhi stempu na bahasha ambazo maofisi yalikuwa yakizitupa. Nyingine alizipata kwa kubadilishana na rafiki zake wa Karachi na Bombay. Ameacha albamu mbili na mkebe wa biskuti uliojaa bahasha, na kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine anayejishughulisha na mambo haya, vyote nimekabidhiwa mimi.

Katika albamu ya kwanza zimo stempu kadhaa zenye picha ya jua na taji na jina la Imperial British East Africa Company, thamani zake zikiwa za ana na rupia. Moja kati yake, ambayo kwa chapa ni ya ana 2, imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino "½ Anna", na chini ya maandishi hayo pana herufi A.D.; wino wenyewe umegeuka rangi ya kahawia. Zimo pia stempu za Uhindi zenye kichwa cha Malkia Victoria zilizopigwa chapa ya "British East Africa", na stempu moja kubwa ya pauni 1 ya "Kenya and Uganda", nyeusi na rangi ya machungwa, ambayo badala ya muhuri wa posta ina alama ya zambarau ya muhuri wa mpira. Albamu ya pili ni ya miaka ya baadaye: majahazi, simba, korongo taji na Mlima Kilimanjaro, vyote chini ya jina la Kenya, Uganda na Tanganyika.

Mkebe ndio unaonitatiza. Baadhi ya bahasha zilitoka hapa Mombasa kwenda Uhindi, nyingine zilikuja hapa kutoka Lamu, Malindi, Voi na Kisumu, na chache zimeandikwa anwani kwa herufi za Kiarabu. Rafiki yangu amenishauri niziloweke zote katika maji ya uvuguvugu ili stempu zibanduke, nizikaushe, kisha nizipange kwenye albamu pamoja na nyingine. Wakati huo huo, mnunuzi mmoja mjini amenitajia bei ya jumla kwa vyote pamoja, na akaongeza kwamba bahasha kwake hazina maana ila anazichukua kunipunguzia mzigo.

Naomba kujua mambo matatu. Je, nizibandue? Ile yenye maandishi ya kalamu nitajuaje kama ni halali? Na je, nikiamua kuendeleza kazi ya babu, ni busara kujifunga na Mombasa peke yake, au nitakuwa nimejibana mno?

Mzee wa Ndia Kuu alijibu:

Wa alaikumu salaam, mjukuu wangu. Pole kwa msiba, na usitie bahasha hata moja kwenye maji.

Sababu ya kwanza ni wino. Wachapaji wa De La Rue wa London, ambao walichapa sehemu kubwa ya stempu za makoloni ya Uingereza, walitumia kwa makusudi wino usiostahimili maji, hasa wa zambarau na wa kijani, ili mtu asiweze kuosha muhuri wa posta na kuitumia stempu mara ya pili. Stempu ya Uingereza ya peni 1 ya rangi ya urujuani, ambayo mwezi wa Mei 1890 ilipigwa juu yake chapa ya Kampuni (hiyo Imperial British East Africa) ikawa nusu ana, ni mfano mashuhuri wa wino huo. Ukiilowesha inafifia mbele ya macho yako, na rangi ikishatoka hairudi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Stempu peke yake inakueleza ni mtawala gani aliyeitoa na kwa thamani gani, lakini muhuri ndio unaokueleza ilitumika wapi na lini, na bahasha inakueleza ilipita njia gani na kwa gharama gani hadi kumfikia mwenyewe. Kwa Mombasa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu jina la mji wetu, ambalo limo kwenye sarafu za Kampuni za 1888, halimo kwenye stempu zake. Mnamo 1890, stempu za kwanza zilipokwisha kabla ya zile za jua na taji kufika kutoka Uingereza, posta ya hapa ililazimika kutumia stempu za Uhindi za kawaida kabisa, zisizo na neno lolote lililoongezwa juu yake. Stempu hizo zilikuwa zikitumika Bara Hindi nzima na hadi leo zinapatikana kwa bei ya karanga. Ile iliyogongwa muhuri wa Mombasa katika miezi hiyo ya 1890 inatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Ukiibandua na nusu ya muhuri ikabaki kwenye karatasi ya bahasha, umejipatia stempu ya Uhindi ya kawaida.

Lamu nayo ina habari yake. Wajerumani walikuwa na ofisi yao ya posta pale tangu Novemba 1888 hadi Machi 1891, wakitumia stempu zile zile za Ujerumani bila kuzibadilisha kwa lolote. Muhuri wa Lamu ndio pekee unaozitambulisha. Kwa hiyo zipitie bahasha zako za Lamu taratibu sana, na usidharau stempu yoyote kwa sababu eti haina jina la Afrika.

Sasa tuje kwenye A.D. Kampuni ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na ikaendesha shughuli zake kutoka hapa. Stempu za thamani ndogo, yaani za nusu ana na ana 1, zilikuwa zikiisha mara kwa mara, na kwa kuwa shehena mpya ilitegemea meli, maofisa wa Kampuni walichukua stempu za thamani kubwa walizokuwa nazo, wakaandika juu yake thamani mpya, ama kwa mkono ama kwa muhuri, na kutia herufi za kwanza za majina yao kama uthibitisho. A.D. ni Andrew Dick, mhasibu mkuu wa Kampuni. Ukiona A.B., huyo ni Archibald Brown, mtunza fedha. Stempu hizi zilianza kutolewa hapa Mombasa mwaka 1891, na zilizo halisi ni ghali kweli kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo wadanganyifu hawakuchelewa. Anachohitaji mtu ni stempu halisi ya ana 2, ambayo si ghali, kalamu ya kuchovya na mkono uliozoea. Rangi ya kahawia unayoiona haithibitishi lolote, kwani wino wa kale wa chuma hugeuka hivyo wenyewe, na anayetaka kughushi anaweza kuutengeneza hata leo. Kinachosaidia ni mpangilio wa wino mmoja juu ya mwingine. Ofisa aliandika kwanza, ndipo stempu ikauzwa, ikabandikwa na mwisho ikagongwa muhuri. Kwa hiyo ukitazama kwa kioo chenye nguvu mahali ambapo mstari wa kalamu unakutana na duara la muhuri, wino wa muhuri sharti uwe juu. Kalamu ikiwa imepita juu ya muhuri, maneno yamekwisha. Halafu soma tarehe: ikiwa ni ya kabla ya 1891, au ya baada ya Julai 1895 Kampuni ilipokwisha kuondoka, tilia shaka. Na kama stempu yako haina muhuri kabisa, mimi sitathubutu kukuambia lolote kwa kuitazama kwenye picha.

Huyo mnunuzi wako mwache asubiri. Mtu anayenunua stempu za zamani na kusema bahasha hazina maana ama hajui kazi yake, ama anaijua kupita kiasi.

Mwalimu wa Tudor alijibu:

Namuunga mkono Mzee wa Ndia Kuu kuhusu bahasha, ila ningependa kuligusa swali la tatu, maana naona ndilo litakaloamua utakusanya nini kwa miaka ijayo.

Nifundishapo historia, jambo linalowashangaza zaidi wanafunzi ni kwamba Mombasa haikuwa koloni la Uingereza kwa sheria. Mwaka 1895, Serikali ya Uingereza ilipochukua nafasi ya Kampuni, ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, akilipwa kodi kwa ajili yake, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Bara likawa koloni mwaka 1920. Sisi wa pwani tulikuwa hifadhi, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Sasa chukua albamu ya babu yako utafute mahali ambapo hali hiyo inaonekana. Utaona jua la Kampuni na maneno yake ya kujivunia nuru na uhuru, halafu Malkia Victoria akiwa kati ya simba wawili mwaka 1896, halafu Mfalme Edward mwaka 1903 katika stempu za pamoja na Uganda, halafu George wa Tano. Mwenye ardhi hayumo.

Hayumo isipokuwa mara moja, na mara hiyo nayo ilikuwa kwa dharura. Mwaka 1897 stempu zilipungua tena, zikaletwa za Unguja zenye picha ya Sultani Hamed bin Thuwaini na kupigwa chapa ya "British East Africa". Sultani huyo alikuwa amekwisha kufariki Agosti 1896, siku mbili kabla ya manowari za Uingereza kulipiga mabomu jumba la kifalme la Unguja ili kumng'oa Khalid bin Barghash aliyekuwa ameshika kiti baada yake. Kwa hiyo sura pekee ya Sultani iliyowahi kuwa kwenye stempu ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ni ya marehemu, tena imepigwa jina la Waingereza kifuani. Ningekuwa wewe, stempu hiyo ningeitafuta kabla ya nyingine zote, hata kama itakuwa na meno ya ukingoni yaliyokatika.

Kwa mantiki hiyo, nisingejifunga na Mombasa peke yake. Ningekusanya ukanda wote wa Sultani, yaani Mombasa, Malindi, Lamu na vituo vidogo vilivyo kati, kuanzia 1890 hadi Disemba 1963. Bahasha zako za Voi na Kisumu ni nzuri, lakini hizo ni habari za reli, na reli ni somo jingine lenye mihuri yake, hata ile ya posta zilizokuwa zikisafiri ndani ya gari la moshi. Ukianza kuyafuata yote hutamaliza, na mfuko hautakuruhusu.

Zile za Uhindi zenye chapa ya "British East Africa" ni za 1895 na 1896. Chapa ilipigwa Unguja katika matbaa ya gazeti la serikali, na wapanga herufi walikosea hapa na pale, herufi moja ikikaa mahali pa nyingine. Makosa hayo ni ghali, na kama ilivyo kwa A.D., yameghushiwa sana. Usifurahi haraka ukiliona moja.

Bint Kizingo alijibu:

Wazee wamesema ya historia. Mimi nitasema ya mkebe, kwa kuwa nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka na nimeona uharibifu mwingi unaofanywa na watu wenye nia njema.

Adui wako Mombasa ni unyevu. Stempu ambayo haijatumika ina gundi nyuma yake, na gundi hiyo ikivuta unyevu wa masika hunata kwenye ukurasa wa albamu au kwenye stempu iliyo mbele yake, na wengi wakishaona hivyo huivuta kwa nguvu na kuipasua. Ikishanata iache ilivyo mpaka umpate anayejua. Albamu zisimamishe wima kama vitabu vya rafuni, usizilaze moja juu ya nyingine, na katikati ya kurasa zinazotazamana weka karatasi laini isiyo na asidi. Mkebe wa bati hauna hewa na hushika kutu. Hamishia bahasha kwenye kasha la karatasi ngumu, kila moja ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki safi isiyonuka. Plastiki laini yenye harufu kali, ile ya majalada ya bei nafuu ya shule, hutoa kemikali ambazo kwa miaka huifanya rangi ya stempu kuhama na kunasa kwenye plastiki yenyewe.

Ukiona madoa madogo ya hudhurungi kwenye karatasi, hayo mara nyingi ni kazi ya kuvu. Mtenge mgonjwa, maana husambaa. Usiyafute, usiyaanike juani, na tafadhali usiyapake kitu ulichokisoma mahali.

Jambo jingine ni la nyumba zetu. Tumezoea kuweka vitu vya thamani sandukuni pamoja na udi, kafuri na vidonge vya kufukuza wadudu. Nguo zinavumilia, karatasi na wino havivumilii. Weka kasha ndani ya kabati la ukutani lisiloegemea ukuta wa nje, na pakiti chache za chembe za kunyonya unyevu ambazo huja ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme, zibadilishe zinapochoka.

Shika stempu kwa kibano chenye ncha bapa. Vidole vya mtu wa Mombasa mwezi wa Februari vina jasho hata akivinawa.

Baharia wa Mtongwe alijibu:

Naona wote wameipita albamu ya pili haraka, kana kwamba ni ya watoto. Mimi nakusanya hiyo tu, stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza mwaka 1935, na ninakuhakikishia kwamba zina mambo mengi kwa mtu asiye na fedha nyingi.

Tafuta stempu ya senti 5 yenye jahazi, ya 1935, yenye kichwa cha George wa Tano. Tazama kamba iliyo upande wa kushoto wa tanga. Katika baadhi ya stempu kamba hiyo haikufika kwenye tanga, na katika nyingine imefika, kwa sababu mchoro ulirekebishwa baadaye. Wakusanyaji wanazihesabu kuwa aina mbili tofauti. Ile ya senti 50 ya 1938, ya George wa Sita, nayo ina kisa cha kamba hiyo hiyo. Mtu aliyekulia bandarini huiona kasoro hiyo kabla ya kuambiwa, maana tanga lisilofungwa kamba haliendi popote. Kwa taarifa yenu, jahazi lenyewe ni la Ziwa Victoria. Wachoraji walizunguka ziwa, mito na milima ya Afrika Mashariki, na majahazi ya Bandari ya Kale wakayaacha.

Kisha nunua kipimo cha meno, kile kinachohesabu matundu ya ukingoni kwa kila sentimita 2. Simba wa pauni 1 wa 1938 alichapwa kwa miaka mingi na mashine za kutoboa zikabadilishwa: yupo mwenye matundu 11¾ juu kwa 13 pembeni, yupo wa 14 wa 1941, na yupo wa 12½ aliyekuja mwishoni. Kwa macho matupu ni simba yule yule, lakini bei zao zimeachana. Wakati wa vita stempu zilipungua, na mwaka 1941 na 1942 zikaletwa za Afrika Kusini zikapigwa chapa ya majina yetu matatu na thamani mpya za senti. Bahasha za miaka hiyo zenye alama ya mkaguzi wa barua ni nzuri mno, hasa za wanamaji, kwa sababu mwaka 1942 manowari za Uingereza zilizokimbia Wajapani kutoka Ceylon zilihamishia kituo chao Kilindini.

Kuhusu pauni 1 ya "Kenya and Uganda" ya 1922, punguza matumaini. Stempu za thamani kubwa za toleo lile, lililofika hadi pauni 100, hazikutengenezwa kwa ajili ya barua. Hakuna barua ya pauni 100. Zilibandikwa kwenye hati za ardhi, mikataba na karatasi za mahakama, na alama ya zambarau ya muhuri wa mpira ndiyo dalili ya kazi hiyo. Stempu iliyotumika hivyo ina thamani ndogo sana ukilinganisha na ile iliyogongwa muhuri wa posta, na ndiyo maana kuna watu wanaoosha zambarau na kugonga muhuri wa posta wa bandia juu yake. Kwa hiyo yako, iliyobaki na alama yake, angalau haijadanganya mtu. Iache hivyo hivyo.

Kwa swali la tatu simuungi mkono Mwalimu. Stempu za 1935 na kuendelea zilitumika sawasawa Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, kwa hiyo mpaka wa maili 10 wa Sultani hauna maana yoyote ndani ya albamu ya pili. Ukitaka mpaka wenye akili, chukua bandari: barua zilizoingia na kutoka Mombasa kwa meli, kwa reli, na kwa ndege za majini zilizokuwa zikitua hapa kuanzia 1937 katika safari za Uingereza hadi Durban.

Mkaazi wa Tanga alijibu:

Nachungulia tu kutoka ng'ambo ya mpaka. Katika albamu ya kwanza tazama kama kuna stempu za "East Africa and Uganda Protectorates" za George wa Tano zenye chapa ya herufi G.E.A., yaani German East Africa. Zilipigwa chapa hiyo mwaka 1917 kwa ajili ya huku kwetu, baada ya Waingereza kuichukua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na huchanganywa mara nyingi na za kwenu. Zile za thamani ndogo ni za kawaida. Zenye jina la Mafia usinunue kwa mtu yeyote bila cheti, maana za bandia zimejaa.

Mkipenda visa, za Wuga ndizo tamu: Wajerumani walipokatiwa njia ya baharini wakati wa vita walichapa stempu zao wenyewe katika misheni ya Wuga, Usambara, hawakuwahi kuzitumia ipasavyo, wakazifukia ardhini, na baada ya vita zilifukuliwa zikauzwa kwa wakusanyaji.

Mwana wa Kibokoni aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mungu awalipe. Beseni nimelirudisha jikoni.

Nimeitazama ile ya A.D. kwa kioo cha fundi wa saa wa jirani. Muhuri ni wa Mombasa, mwaka ni 1891, na umeikata herufi D karibu na tumbo lake. Kwa kadiri ninavyoona, wino mweusi wa muhuri umepita juu ya ule wa kahawia, ila mahali penyewe ni padogo na siwezi kuapa. Alama ya zambarau kwenye pauni 1 ina sehemu ya neno la mahakama, kama alivyosema Baharia. Stempu yenye Sultani sikuiona. Katika bahasha za Lamu hakuna ya Kijerumani. Zote ni za miaka ya 1920 na kuendelea. Jahazi la senti 5 ninalo mara mbili, na kamba hazifanani.

Je, hiyo ya A.D. niipeleke wapi, na huyu mnunuzi nimjibu nini?

Mzee wa Ndia Kuu alijibu:

Ulichokieleza kinatia moyo, mjukuu wangu, lakini macho yako na yangu hayatoshi kwa stempu ya namna hiyo, na mnada wowote wa maana hautaipokea bila cheti. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society ya London hukagua stempu na kutoa cheti kwa malipo. Gharama hiyo inafaa kwa hii moja tu. Usiwapelekee pauni 1 ya mahakamani. Kabla ya kuituma, ipige picha kwa mashine ya kunakili kwa ukubwa na ubora wa juu kabisa, mbele na nyuma, uwaonyeshe kwanza watu wa East Africa Study Circle, chama cha wakusanyaji wa stempu za sehemu zetu hizi chenye makao Uingereza. Miongoni mwao wapo waliotazama maandishi ya Dick kwa miaka mingi kiasi cha kuujua mkono wake. Wakikuambia haifai, umeokoa fedha. Wakikuambia ifuatilie, itume kwa njia iliyosajiliwa na yenye bima.

Mkono wa kalamu wenyewe nao una la kusema. Ofisa aliyekuwa akiandika stempu nyingi kwa kikao kimoja huandika haraka, mstari hautetemeki, na herufi zinaunganishwa bila kunyanyua kalamu. Anayeiga huchora polepole, na kwenye kioo utaona mahali alipositasita, wino ukiwa umejikusanya. Itazame tena yako kwa jicho hilo, bila kuigusa.

Kuhusu Mwalimu na Baharia, wasikulazimishe uchague leo. Orodhesha kwanza ulichonacho: tarehe ya muhuri, mahali ilipotoka, mahali ilipofikia, na mihuri ya nyuma, ambayo wengi husahau kuisoma ingawa ndiyo inayoonyesha njia. Andika kwenye daftari, usiandike kwenye bahasha, hata kwa penseli. Ukimaliza utaona mwenyewe babu yako alikuwa akifuata nini, maana mtu aliyebadilishana bahasha na Karachi kwa miaka hakuwa akikusanya ovyo. Kwa mtazamo wangu, katalogi ya Stanley Gibbons itakufaa kuainisha, ila bei zake ni za muuzaji kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Usizijumlishe ukadhani ndizo fedha zilizomo mkebeni.

Na mnunuzi mjibu kwa adabu kwamba stempu zinazojirudia katika albamu ya pili mnaweza kuzungumza bei moja moja, zile jahazi mbili zikiwa hazimo, na kwamba mkebe hauingii katika mazungumzo hadi kila bahasha iwe imepigwa picha mbele na nyuma na kuandikwa daftarini. Akikasirika, umeshajua alichokuwa akikitaka.